Nauli ya Mtu Asiyeumwa

Kwetu Ihembe, wilayani Karagwe, nauli ya mgonjwa haikosi kupatikana. Mtu akizidiwa usiku, jirani mmoja anatoa bodaboda, mwingine analeta shuka, mwenye duka anafungua droo, na kabla hakujapambazuka mgonjwa yuko njiani kwenda hospitali ya Nyakahanga. Nimekulia katika utaratibu huo na ninauheshimu. Lakini ipo nauli nyingine ambayo ukoo wetu ulichukua muda mrefu kukubali kuitoa: nauli ya mtu anayekula vizuri, anayepalilia migomba yake na kucheka na wajukuu, ila anatakiwa kwenda hospitali kwa sababu aliwahi kuugua kansa ya koo. Nauli hiyo ndiyo iliyomwokoa baba yangu mkubwa mara ya pili. Nimeona niandike habari zake, kwa sababu najua ziko familia nyingine Karagwe na Kyerwa zinazobishana hivi sasa kama sisi tulivyobishana.

Baba mkubwa alikuwa mnadi wa ng'ombe. Siku ya mnada alisimama juu ya jiwe akiwa na fimbo, na sauti yake ilisikika kabla hujaona vumbi la ng'ombe wenyewe. Alianza bei chini, polepole, akiwataja wanunuzi kwa majina na kuwachokoza, halafu akaipandisha kwa mwendo wa wimbo hadi mtu akajikuta amenunua dume ambalo hakukusudia kulinunua. Alivuta sigara tangu ujana, na jioni alivuta kiko. Sisi watoto ndio tuliotumwa jikoni kukiwasha kwa kaa la moto. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, alikunywa kila jioni kwa mrija kutoka kwenye kibuyu, na siku za mnada kulikuwa na gongo. Kwa kipimo cha kijiji hakuwa mlevi. Alikuwa mwanamume kama wanaume wengine wa rika lake.

Mwaka 2013 sauti ilianza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi, na yeye akanywa tangawizi na asali kama kawaida. Wiki zikapita, sauti ikazidi kuwa nzito, mwishowe bei zake hazikusikika nyuma ya umati. Hapo bahati ilimjia kupitia kazi yake. Mkulima anaweza kukaa na sauti ya kukwaruza mwaka mzima asihangaike, lakini mnadi asiye na sauti hana kazi. Kwa hiyo alikwenda Nyakahanga mapema, akapewa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Wakampitishia kamera kooni, wakachukua kinyama, na majibu yakaja: saratani ya nyuzi za sauti, bado ndogo.

Tulielezwa jambo ambalo nimelirudia kwa watu wengi tangu siku ile. Saratani inayoota kwenye nyuzi za sauti hujitangaza mapema, maana uvimbe mdogo tu unatosha kuharibu sauti. Ile inayoota nyuma ya ulimi, au kwenye umio, yaani njia ya chakula, hukaa kimya muda mrefu. Inapoanza kusumbua, mara nyingi imeshakuwa kubwa. Saratani ndogo ya nyuzi za sauti hupona kwa mionzi peke yake kwa wagonjwa walio wengi. Wakati ule Kanda ya Ziwa haikuwa na tiba ya mionzi, tofauti na leo ambapo Bugando inaitoa, hivyo ilibidi tumpeleke Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Basi lililala njiani, nasi tukalala ndani yake. Ocean Road tulikuta jengo la kale lenye varanda pana linalotazama bahari. Wajerumani walilijenga kama hospitali na kulifungua mwaka 1897, na likaja kuwa makao ya taasisi iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Mashine iliyomtibu baba mkubwa ilitumia madini ya kobalti. Mtaalamu mmoja kijana alitueleza kuwa kobalti hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka mitano na ushee, kwa hiyo kadiri inavyozeeka ndivyo mgonjwa anavyolala muda mrefu zaidi chini ya mashine kupata dozi ileile. Baba mkubwa alikwenda kila siku Jumatatu hadi Ijumaa, zaidi ya wiki sita. Mionzi ilipita kwenye eneo dogo la shingo, mbele tu, na ngozi pale ikaiva na kuwa nyeusi. Kumeza kukawa adhabu, na sauti ikapotea kabisa. Alikuwa amekuja na daftari lake la mnada, lile la kuandikia rangi za ng'ombe, mwenye mali na bei. Chini ya safu hizo alianza kutuandikia maombi yake: maji, uji upoe, nigeuzeni, kesho saa ngapi.

Mahali tulipopanga palikuwa na mvuvi kutoka Ukerewe mwenye saratani ya ulimi. Yeye alipigwa mionzi eneo kubwa, kinywa chote na shingo pande zote mbili, na kabla ya kuanza aling'olewa meno mabovu. Sababu ni kwamba taya lililopigwa mionzi halivumilii kung'olewa jino baadaye. Kidonda kinaweza kukataa kupona na mfupa ukafa. Tezi zake za mate ziliathirika, akawa anatembea na chupa ya maji popote aendapo. Yeye na baba mkubwa walikuwa marafiki wa ishara na daftari, mmoja hana sauti, mwingine hana mate. Waliruhusiwa kurudi nyumbani mwezi uleule.

Siku ya kuruhusiwa, daktari wetu, mama mmoja mpole, hakutupa dawa na kutuaga. Alituketisha.

"Mzee, uvimbe umekwisha," alisema. "Lakini nataka uelewe kitu. Jiko la nyasi likipikiwa miaka 40, masizi yanakaa wapi?"

Baba mkubwa aliandika: paa lote.

"Basi. Moshi wako haukupita kwenye nyuzi za sauti peke yake. Umepita mdomoni, kooni, ukaingia mapafuni. Na pombe imepita mdomoni mpaka kwenye umio. Sisi tumetibu doa moja lililoshika moto. Paa lililobaki lina masizi yaleyale. Ndiyo maana nataka kukuona tena, hata kama huumwi."

Maneno yale yana msingi wa kitaalamu wa miaka mingi. Mwaka 1953 daktari mpasuaji Danley Slaughter na wenzake wawili wa Chicago walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 783 wa saratani ya kinywa. Walipopima kwa darubini nyama iliyouzunguka uvimbe, waligundua kuwa hata sehemu zilizoonekana nzima kwa macho zilikuwa zimeanza kubadilika. Zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 10 alikuwa na saratani zaidi ya moja, kila moja ikiwa imeota peke yake. Tafiti nyingi zilizofuata Marekani na Ulaya zikaonyesha kuwa kati ya watu 100 waliotibiwa saratani hizi za kichwa na shingo, hasa wavutaji, kati ya 3 na 7 hupata saratani nyingine mpya kila mwaka. Nayo hutokea palepale moshi na pombe vilipopita: kinywani, kooni, kwenye umio, kwenye mapafu.

Watu wengi kwetu huhesabu miaka mitano, wakiamini kuwa ikiisha, kesi imefungwa. Kwa saratani ya kwanza hesabu hiyo ina maana, kwa kuwa ikitaka kurudi mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu. Hatari ya saratani mpya haifuati kalenda hiyo. Inaendelea mwaka wa sita, wa kumi, na kuendelea. Mtu anaweza kuishinda ya kwanza kabisa, akasherehekea, kisha ya pili ikamchukua kwa sababu hakuna aliyekuwa anaitazamia.

Wapo walioniuliza kama mionzi yenyewe haileti saratani. Inaweza. Miaka mingi baada ya matibabu, watu wachache hupata uvimbe mpya katika sehemu iliyopigwa mionzi, na madaktari hulijua hilo wanapopanga dozi. Lakini hatari hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na saratani ambayo tayari iko kooni. Anayekataa mionzi leo kwa kuogopa uvimbe wa miaka 15 ijayo anaipa nafasi saratani ya leo. Adui mkubwa ni tumbaku na pombe, na vikiungana ni balaa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kuwa wanaovuta sana na kunywa sana kwa pamoja wana hatari ya saratani ya kinywa na koo zaidi ya mara 35 kuliko wasiogusa chochote kati ya hivyo viwili.

Kuacha sigara kulimtesa, ila aliweza. Kibuyu kilikuwa kigumu zaidi. Kwetu rubisi ni salamu. Ni mahari, ni upatanisho, ni kumuaga maiti. Mzee anayekataa kibuyu harusini anachukuliwa kuwa ana kinyongo na wenye nyumba. Baba mkubwa alibuni njia. Akipewa kibuyu, alikipokea kwa mikono miwili, akamshukuru mwenye nyumba kwa ile sauti yake mpya ya chini, akagusisha mrija kwenye midomo, kisha akampa aliyeketi kulia kwake. Baada ya msimu mmoja wazee wote walikuwa wanajua, na kila mmoja akawa anawahi kukaa kulia kwake.

Ugomvi ulikuja kwenye nauli. Mwaka wa kwanza hakuna aliyebisha. Kumbukumbu za daftari na uji zilikuwa bado mbichi. Lakini sauti iliporudi, ingawa si ile ya mnadani, na mwili ukajaa, kila tarehe ya kliniki ikawa kikao. Shangazi yangu, mwanamke mwenye akili na huruma nyingi, ndiye aliyesema waziwazi waliyokuwa wakiwaza wengi.

"Kaka amepona. Watoto wana ada. Tunampeleka Mwanza akafanye nini, kutazamwa mdomo? Mnauchokoza ugonjwa uliolala."

Sikumlaumu na simlaumu leo. Kwetu hospitali ni mahali pa kupeleka maumivu. Pesa ya kahawa inakuja mara moja kwa mwaka na ina wenyewe wengi: ada, mabati, deni la duka. Kumtoa mtu mzima Ihembe hadi Omurushaka, kutoka pale hadi Mwanza, alale, ale, arudi na jibu kwamba hana kitu, ni gharama ambayo mkulima anaona imemwagika. Na hofu ya kuchokoza ugonjwa ni ya kweli. Watu wamewaona jamaa zao wakienda hospitali wakitembea na kurudi wamebebwa, bila kujua kuwa walikwenda wamechelewa.

Tulifikia makubaliano ya Kikaragwe. Mara moja kwa mwaka Mwanza, na katikati ya mwaka atazamwe hapahapa wilayani na tabibu wa meno. Daktari wa Bugando aliafiki, akaandika kwenye kadi mambo ya kutazamwa.

Ilikuwa katika mojawapo ya ziara hizo za wilayani, miaka mitano baada ya Ocean Road. Nilikuwepo. Tabibu alikuwa kijana mwenye tochi ya kufunga kichwani. Alimwambia baba mkubwa afungue mdomo, akatazama mashavu ndani, ufizi, kaakaa. Kisha akaushika ulimi kwa kitambaa cha gozi, akauvuta taratibu upande mmoja, akatazama chini yake kwa muda mrefu. Akanionyesha. Kulikuwa na baka jekundu, laini, dogo kuliko punje ya buni. Baba mkubwa hakuwa amelihisi kabisa. Lilikuwa haliumi, halitoi damu, halizuii chakula.

"Linaweza kuwa si kitu," tabibu alisema, "lakini baka jekundu kwa mtu aliyewahi kuwa na kansa ya koo haliachwi."

Kinyama kilichukuliwa Mwanza. Ilikuwa saratani mpya, mbali na ile ya kwanza, na ikiwa bado changa. Kwa kuwa sehemu ile haikuwa imepigwa mionzi na uvimbe ulikuwa mdogo, upasuaji ulitosha. Alirudi nyumbani na mshono chini ya ulimi, akaongea kama mtu mwenye pipi mdomoni kwa miezi kadhaa, kisha hata hilo likapungua. Mpaka leo yuko Ihembe, anapalilia, anabishana na wajukuu juu ya bei ya ng'ombe. Shangazi alikuwa wa kwanza kutoa pesa ya kliniki iliyofuata.

Rafiki yake wa Ukerewe hakupata nafasi hiyo. Tulikuwa tukisalimiana kwa simu sikukuu za Noeli na Idi. Aliporudi ziwani alikutana na hesabu zilezile za nauli, na kwake hakukuwa na tabibu wa karibu wa kumtazama katikati. Siku moja alitueleza kuwa ugali unakwama kifuani, akawa anausukuma kwa maji. Alidhani ni ule ukavu wa kinywa aliouzoea. Alipopimwa ilikuwa saratani ya umio, imeshaziba njia. Mungu amrehemu. Simwandiki ili kumlaumu mtu. Alikuwa mwangalifu kuliko sisi wote. Tofauti yake na baba mkubwa ilikuwa tarehe za kliniki ambazo mmoja aliweza kuzilipia na mwingine hakuweza.

Wapo wanaotumaini kidonge cha kuzuia saratani ya pili. Wanasayansi nao walikitumaini. Mwaka 1990 Waun Ki Hong na wenzake wa Houston walitoa matokeo ya wagonjwa 103 waliotibiwa saratani za kichwa na shingo: kati ya waliopewa dawa ya isotretinoini, asilimia 4 walipata saratani ya pili, wakati waliopewa vidonge vitupu walikuwa asilimia 24. Dozi ile iliwasumbua wengi, na utafiti mkubwa zaidi uliofuata kwa dozi ndogo haukuona faida. Hakuna kidonge mpaka leo. Kilichopo ni kuacha sigara na pombe, na macho ya mtu aliyefunzwa yanayotazama mara kwa mara.

Kwa hiyo nayaandika hapa tuliyojifunza, kwa familia yoyote yenye mtu aliyepona.

Ombeni ratiba ya marejeo iliyoandikwa. Utaratibu unaofuatwa na wataalamu wengi ni kila mwezi mmoja hadi mitatu katika mwaka wa kwanza, kisha nafasi inaongezeka, na baada ya miaka mitano ni mara moja kila mwaka, bila kikomo. Hospitali ya rufaa ikiwa mbali, ulizeni nani wa karibu anayeweza kutazama katikati. Tabibu wa meno wa wilaya anaweza kuona kinywa chote kwa tochi na kitambaa cha gozi.

Jifunzeni kumtazama nyumbani, mchana, karibu na dirisha: ndani ya mashavu, pembeni mwa ulimi, chini ya ulimi. Mpapaseni shingo kwa vidole mtafute uvimbe. Msisubiri maumivu. Kidonda cha mdomoni kisichopona, baka jekundu au jeupe, sauti inayokwaruza zaidi ya wiki tatu, chakula kinachokwama, sikio linalouma upande mmoja bila sababu, kikohozi chenye damu: lolote kati ya haya kwa mtu aliyewahi kutibiwa ni la kwenda nalo hospitali wiki hiyohiyo.

Chai na uji vipoe. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi joto 65, huenda vinasababisha saratani ya umio, na Afrika Mashariki ni kati ya maeneo yenye mzigo mkubwa wa saratani hiyo.

Msimwachie mgonjwa peke yake vita ya sigara. Nyumbani kwetu wanaume wawili waliacha pamoja naye, na hilo lilimsaidia kuliko hotuba zetu zote.

La mwisho ni pesa, kwa kuwa ndipo mambo yanapokwama. Sisi tuliamua kuwa kahawa ikianikwa, debe moja linatengwa kabla ya kupelekwa chama cha msingi, nalo halina mwenyewe ila kliniki. Liliguswa kwa ajili ya ada mwaka mmoja tu, na lilirudishwa. Familia nyingine inaweza kutenga mikungu, mbuzi au zamu ya kuchangia. Cha maana ni kuiweka nauli hiyo kabla ya kikao kuitishwa, kwa sababu kikao kitamtazama mtu aliyenenepa na kuamua kuwa ada ni muhimu zaidi. Kama kwenu kuna aliyepona kansa ya koo, acheni kumuuliza anaumwa wapi. Muulizeni tarehe yake ya kurudi kliniki ni lini, kisha tengeni nauli yake leo.